Albamu bora kuliko zote: ni hukumu, au ni ladha iliyovaa joho?

Mgeni wa Santuri anauliza:

Ndugu wapenzi wa muziki, salaam. Nina swali ambalo limenisumbua tangu usiku ule mimi na mdogo wangu tulipokaa kupanga kila mtu albamu zake 10 bora, na mchezo ukageuka kuwa mabishano ambayo hayajakwisha hadi leo.

Mdogo wangu alikuja na orodha ya jarida la Rolling Stone kama mtu aliyekuja na hati ya mahakama. Nami nikamwonyesha kwamba hati yenyewe haitulii. Mwaka 2003 jarida hilo liliipa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles nafasi ya 1, likaiacha hapo hapo mwaka 2012, kisha mwaka 2020 likaishusha hadi nafasi ya 24 na kuitawaza What's Going On ya Marvin Gaye, ambayo mwaka 2003 ilikuwa ya 6. Katika miaka hiyo 17 hakuna noti hata moja iliyobadilika ndani ya albamu hizo mbili. Nikamwuliza: ikiwa ubora umo ndani ya muziki wenyewe, ulihamaje?

Akanijibu kwa kugeuka kabisa: basi yote ni ladha, kipendacho roho hula nyama mbichi, tukalale. Jibu hilo lilinikera kuliko ile orodha yake, kwa sababu likiwa kweli, kusema "albamu hii ni bora" hakuna tofauti na kusema "mimi napenda rangi ya buluu". Na sijawahi kuona watu wakikesha wakibishana kuhusu rangi ya buluu.

Pamoja na hayo nina maungamo mawili. La kwanza ni kwamba Pet Sounds ya The Beach Boys, ya mwaka 1966, ambayo kila mjuzi huisifu, nimeisikiliza mara 6 bila kuguswa. La pili ni kwamba albamu niipendayo kuliko zote, ambayo sitaitaja ili msiijadili badala ya swali langu, haimo katika orodha yoyote niliyopata kuiona, na mimi mwenyewe nikibanwa sana sitathubutu kudai kwamba ni bora kuliko zote. Je, mtu anaweza kukubali kwamba kitu ni bora bila kukipenda, na kukipenda kingine akijua si bora? Au hapo ninajidanganya?

---

Sindano Butu anajibu:

Salaam nawe, ndugu Mgeni. Kabla ya kuuliza ubora ulihamaje, ni vyema tuulize kwanza nani aliulizwa. Orodha ile haikushuka kutoka mbinguni; ilijengwa kwa kura. Mwaka 2020 walioulizwa walikuwa zaidi ya 300, wakiwemo wanamuziki, waandishi na watu wa biashara ya muziki, na kila mmoja alituma albamu zake 50. Ukibadilisha wapiga kura umebadilisha jibu, na hilo halihitaji muujiza wowote. The Miseducation of Lauryn Hill, iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa nyuma ya nafasi ya 300 katika orodha ya mwaka 2003. Mwaka 2020 ikawa ya 10. Na mwaka 2024 Apple Music walipotoa orodha yao ya albamu 100, wakaiweka ya kwanza. Walioikuta wakiwa vijana walikuwa sasa ndio wanaoulizwa.

Kuna na jambo la hesabu ambalo watu wengi hawalitazami. Chukua watu 10, kila mmoja apange albamu 10, ya kwanza ipate alama 10 na ya mwisho alama 1. Tuseme albamu moja inawekwa ya kwanza na watu 3 wanaoiabudu, na wengine 7 hawaitaji kabisa: imepata alama 30. Nyingine haipendwi na yeyote kupita kiasi, ila wote 10 wanaiweka nafasi ya 5, kwa kuwa ni ya heshima na kuiacha ni aibu: kila mmoja ameipa alama 6, jumla 60. Imeshinda mara mbili, wala hakuna hata mtu mmoja aliyesema kwamba ni bora kuliko zote. Kwa hiyo namba 1 ya orodha kama hizo aghalabu ni albamu ambayo haikumuudhi mtu. Nina shaka, na hii ni shaka yangu tu, kwamba Pet Sounds ambayo imeshika nafasi ya 2 mwaka 2003, 2012 na 2020 bila kuyumba, imenufaika na hesabu ya namna hiyo.

Tena mashindano yenyewe yana mlango mwembamba. Albamu kama tunavyoijua, yaani nyimbo zilizopangwa kusikilizwa kwa mfuatano, ilitegemea santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika ambayo kampuni ya Columbia iliitoa mwaka 1948 na ambayo ilibeba dakika 20 na ushei kila upande. Kabla ya hapo santuri ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika 3 tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alirekodi kwa santuri hizo fupi. Hakuna kura ya albamu itakayompa nafasi, ingawa sauti yake haina ila, maana hakuacha kitu kinachoitwa albamu. Fela Kuti wa Nigeria naye alikuwa na tabia ya kuujaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja, kama alivyofanya katika Zombie ya mwaka 1976: upande huu wimbo mmoja, upande ule wimbo mwingine, basi. Mpimaji aliyezoea nyimbo 12 za dakika 3 hajui hata pa kuanzia. Anayesema "albamu bora kuliko zote" amekwisha kuwatoa nje watu wengi kabla hajaanza kuhesabu.

---

Kinanda Kimya anajibu:

Ndugu Sindano ameifumua orodha vizuri, lakini nadhani amemjibu mdogo wake Mgeni kuliko Mgeni mwenyewe. Kwamba kura ni kipimo kibovu haina maana kwamba hakuna cha kupimwa.

Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anakumbusha kisa alichokitoa kwa Cervantes, mwandishi wa Uhispania. Watu wawili waliombwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una kaladha ka ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una kaladha ka chuma. Wakachekwa wote wawili. Pipa lilipomalizwa, chini kabisa kulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kikanda cha ngozi. Hoja yake ni kwamba ulimi wa mtu ni wa mtu, lakini ufunguo ulikuwamo.

Muziki nao una funguo zake. Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, ilirekodiwa New York mwaka 1959 katika vikao 2. Katika kikao cha kwanza mashine ya kanda ilikuwa ikizunguka taratibu kidogo kuliko ilivyopaswa, hivyo kanda ilipochezwa kwa kasi ya kawaida, nyimbo 3 za upande wa kwanza zikatoka kwa sauti ya juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Albamu iliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka kosa liliporekebishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Mamilioni ya watu waliipenda bila kugundua lolote. Lakini mtu aliyekaa kwenye piano iliyopangwa sawasawa akajaribu kuifuata santuri, vidole vyake vilimwambia kwamba kuna kitu hakikai. Huyo ndiye aliyeonja chuma.

Naona hata hivyo kwamba kisa cha Hume hakimalizi kazi, nami sipendi kukibebesha mzigo kisioweza kuubeba. Ufunguo ulithibitisha kwamba chuma kilikuwamo. Haukuthibitisha kwamba ladha ya chuma ni mbaya. Wapo walioisikia Kind of Blue iliyorekebishwa wakaona ile ya zamani, yenye kosa, ina mng'aro zaidi. Kwa hiyo mimi simdai mtu anayesema "bora" anipe uthibitisho. Namdai sababu inayosikika, kitu ninachoweza kurudi kukitafuta kwa sikio langu.

Nitatoa mfano mmoja, nao ni mdogo. Katika wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, besi ya Paul Chambers inatangulia kama mtu anayeuliza, na ala nyingine zinamjibu kwa noti 2 tu, tena na tena. Kisha Miles Davis anashika zamu yake ya kuongoza, na papo hapo mpiga ngoma Jimmy Cobb analigonga toazi kwa nguvu ambayo, kwa wimbo mtulivu kama ule, ingeweza kuharibu kila kitu. Mvumo wake unatanda juu ya noti za mwanzo za tarumbeta na kufifia polepole, na unapokwisha wewe umekwisha kuingia mahali pengine. Ukiniambia wimbo huo haukugusi, sina la kukubishia. Ukiniambia kwamba toazi lile lingeweza kugongwa popote na mambo yakawa yale yale, hapo tutabishana hadi asubuhi, kwa kuwa sasa tunazungumzia toazi na mmoja wetu anaweza kuwa amekosea.

Sasa tuitazame What's Going On, ya mwaka 1971, iliyowatia mabishano wewe na mdogo wako kwa kupanda. Sikiliza namna Marvin Gaye anavyoimba na Marvin Gaye. Fundi wa mitambo alikuwa amemwekea sauti mbili alizorekodi kando kando ili achague moja, zikachezwa pamoja kwa bahati mbaya, naye akaamua ziachwe hivyo. Zinapishana, moja ikisihi, nyingine ikijibu kama mtu anayejisemea moyoni, na nyimbo za upande wa kwanza zinaingiliana bila kituo, kiasi kwamba ukiuchomoa mmoja unaacha kidonda. Hizo ni sababu. Waweza kuziona hazitoshi, lakini si sawa na kupenda rangi ya buluu.

---

Zumari la Pwani anajibu:

Mimi nitakuwa mfupi, na naomba radhi kwa kutia maji katika mvinyo wa Hume.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2006 watafiti watatu, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo, kwa maoni yangu, kila mtunga orodha angelisoma kabla hajashika kalamu. Waliweka mtandaoni nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakawaalika wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi yao waliona majina ya nyimbo tu. Wengine waligawanywa bila mpangilio katika "dunia" 8 zisizojuana, na ndani ya kila dunia mtu aliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi na wenzake wa dunia hiyo. Nyimbo zilikuwa zile zile na zote zilianzia sifuri.

Matokeo yalikuwa kwamba kila dunia ilizaa mabingwa wake. Nyimbo zilizopendwa sana na wale walioachwa bila kuona hesabu hazikuanguka hadi mkiani mara nyingi, na zile duni kabisa hazikupanda mara nyingi hadi kileleni. Ila kwa nyimbo za kati, ambazo ndizo nyingi, lolote liliwezekana. Tena kadiri hesabu za wenzao zilivyoonyeshwa kwa uwazi zaidi, ndivyo pengo kati ya mabingwa na wengine lilivyotanuka.

Kwa hiyo chema chajiuza kidogo, na bahati inauza kilichobaki. Ndugu Kinanda ana sababu nzuri sana za kuisifu Kind of Blue, lakini nahofu kwamba alianza kuzitafuta baada ya kuambiwa kwamba zipo. Je, ni albamu ngapi zina toazi lililogongwa mahali pake hasa, na hakuna aliyerudi mara ya pili kulisikiliza?

---

Kinanda Kimya anajibu:

Ni kweli niliambiwa kwanza, na niliambiwa na mtu niliyemheshimu. Lakini niliambiwa vivyo hivyo kuhusu albamu nyingine nyingi nisizozikumbuka leo. Jaribio unalolitaja linaeleza namna kitu kinavyofika masikioni kwangu. Halielezi kwa nini kingine kinabaki humo na kingine kinatoka. Swali lako la mwisho, hata hivyo, sina jibu lake, na nakiri kwamba lilinikosesha usingizi kidogo.

---

Mgeni wa Santuri anaandika tena:

Nawashukuru nyote. Niongeze jambo moja ambalo sikulisema mwanzoni kwa kuona haya. Nilipozitazama tena albamu zangu 10, niliona 7 kati yake nilizisikia nikiwa na umri kati ya miaka 14 na 20. Mdogo wangu, ambaye nampita miaka 9, orodha yake nayo imejaa miaka yake. Inakuwaje miaka bora ya muziki wa dunia nzima iangukie kila mara kwenye ubalehe wa anayehukumu?

---

Fundi wa Mawimbi anajibu:

Ndugu Mgeni, usione haya. Hilo ni la binadamu wote. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara kwa mara kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya ujana wake, na muziki ni mmojawapo. Kisha kuna mazoea yenyewe. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu, hata neno lisilo na maana, kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi. Santuri uliyoicheza mara 300 ukiwa na miaka 16, kwa kuwa hukuwa na nyingine, haishindani kwa haki na uliyoisikia mara 6 ukiwa mtu mzima huku ukijibu barua pepe.

Hapo ndipo ninapotaka kukurudisha kwenye Pet Sounds, maana nadhani wenzangu wameipita haraka mno. Nina maswali mawili. La kwanza: uliisikiliza toleo gani? Brian Wilson, aliyeitunga na kuisimamia, alikuwa haisikii vizuri kwa sikio lake la kulia, na albamu ilitoka mwaka 1966 kwa mono, sauti zote zikitoka mahali pamoja, zikigandana kama rangi zilizopakwa zikiwa mbichi. Matoleo ya stirio yalikuja miaka ya 1990, na ingawa ni safi, yanazitenganisha ala ambazo zilikusudiwa zisitengane. Kama unatumia visikizi na toleo la stirio, unasikia kitu halali, ila sicho kile ambacho watu walikuwa wakikisifu kwa miaka 30 ya mwanzo.

La pili: ulikuwa ukisikiliza nini? Wengi husikiliza sauti za waimbaji, na waimbaji wale ni watamu mno kwa baadhi yetu. Mimi mwenyewe huchoka nao upesi. Jaribu kuwaacha. Fuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika nyimbo nyingi za kawaida besi hukaa kwenye noti ya msingi ya kila kodi, yaani kila fungu la noti zinazolia pamoja, kama mtu aliyesimama wima sakafuni. Humo Wilson anaipeleka mara nyingi kwenye noti nyingine ya kodi ile ile, kwa hiyo wimbo unaelea, unaonekana mchangamfu juu lakini chini hauna pa kukanyaga. Ukilisikia hilo mara moja hutaweza kutolisikia tena, na utaelewa kwa nini muziki wenye sauti za furaha kiasi kile una huzuni ambayo haitajwi popote.

Baada ya hapo una uhuru wote wa kutoipenda. Sidhani kwamba unajidanganya ukisema kitu ni bora ingawa hukipendi, mradi uwe umesikia unachokisema. Anayejidanganya ni yule anayesema hivyo kwa kunong'onezwa na orodha.

---

Mgeni wa Santuri anaandika tena:

Nimerudi baada ya siku 4. Nilitafuta toleo la mono, nikaweka visikizi kando, nikazima taa na kila kinacholia, nikaifuata besi kama nilivyoelekezwa. Katika God Only Knows nilifika nusu ya wimbo ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nikingoja besi itue chini, nayo haikutua pale nilipoitarajia. Nilirudisha nyuma mara 3 kuhakikisha.

Sauti za waimbaji bado zinanichosha, na albamu hiyo haijaingia katika 10 zangu. Lakini nimeacha kusema kwamba imevimbishwa na wajuzi, kwa sababu sasa nikisema hivyo nitakuwa nasema uongo.

Mdogo wangu nilimweleza haya yote. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniambia kwamba kama besi moja inahitaji maelezo marefu kiasi hicho, basi nami nimwandikie vivyo hivyo kuhusu ile albamu yangu ya kwanza ninayoificha: ni kitu gani hasa kimo ndani yake, ukiondoa kwamba nilikuwa na miaka 17. Nimekaa na kalamu tangu jana jioni. Hadi sasa nina mistari 3, na miwili kati yake inahusu ule mwaka.